Hesabu ya Njia ya Mikonge

Isaya Margwe hakuwa mtu wa kukaa. Kwa miaka ishirini na sita aliongoza wageni kwa miguu kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, kutoka Nainokanoka hadi ukingo wa kreta ya Empakai yenye ziwa ndani, punda wakitangulia na mahema, yeye akifuata nyuma akiwatia moyo waliochoka. Kisha siku moja ya mvua, wakiteremka kwenda ziwani, jiwe lilichomoka chini ya buti lake na goti la kulia likajipinda. Daktari alimwambia asahau mlima. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na tangu siku hiyo nyumba yao ya Karatu ikawa ndogo. Akikaa, anasimama. Akisimama, anazunguka zizi. Mkewe, Dorkasi, akiwa jikoni alimsikia akifungua geti na kulifunga mara tatu bila kutoka.

"Baba Emmanueli, kaa basi."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi, na kivuli chako kinapita hapa dirishani kila dakika?"

Kwa hiyo mwezi wa sita, tangazo liliposomwa kanisani kwamba wanatafutwa watu wa kuhesabu waenda kwa miguu, ni Dorkasi aliyepeleka jina la mumewe. Alisema mwenyewe baadaye kwamba hakuuliza kazi ikoje. Alitaka tu geti lipumzike.

Karatu ilikuwa ikiumuka kama unga uliotiwa hamira. Palipokuwa na shamba la mbaazi mwaka jana, mwaka huu kuna msingi wa nyumba, na mwakani kuna ghorofa lenye vioo. Ikaundwa ofisi ya kuandaa mpango wa mji wa miaka ishirini: barabara zipite wapi, bustani ziwe wapi, watoto wachezee wapi, na njia zipi za miguu zilindwe kabla viwanja havijazimeza. Afisa aliyeshika sehemu ya njia na maeneo ya wazi alikuwa dada mmoja wa Moshi, Goodness, mwembamba, mwenye miwani na buti zenye vumbi jekundu hadi kwenye kamba. Aliwakusanya wahesabuji kumi kwenye ukumbi wa kata.

"Mji ukikua ovyo, cha kwanza kufa ni njia ya miguu," aliwaambia. "Haina hati, haina mwenyewe. Mtu anaamka asubuhi, anaweka ukuta, basi."

Akawaeleza utaratibu. Siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kila mmoja na njia yake, na kidude cha chuma cha kubonyeza. Ukibonyeza, namba inapanda. Njia ikipata wastani wa watu mia tano kwa siku inaingia kwenye mpango: haifungwi, haijengwi, inapandwa miti pembeni. Isipofika, inaachiwa wenye viwanja.

"Na mkae kwenye kiti," alimalizia. "Ukitembeatembea utamhesabu mtu mmoja mara mbili."

Isaya akanyoosha mkono. "Siku nzima?"

"Siku nzima, mzee wangu."

Jioni aliposimulia nyumbani, Dorkasi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga.

Isaya alipangiwa njia ya mikonge. Waliiita hivyo kwa sababu ya mikonge iliyopandwa zamani pande zote mbili kuzuia ng'ombe wasiingie mashambani. Ilianzia kwenye vitongoji vya bondeni, upande wa kuelekea Endamarariek, ikapanda taratibu, ikakatiza kiwanja kimoja kikubwa kisichojengwa, kisha ikatokea nyuma ya soko. Mdomoni mwake, upande huo wa soko, palikuwa na duka la Salha, mjane aliyeuza chai, vocha na mafuta ya taa. Salha ndiye aliyempa kiti, cha plastiki, cha buluu, chenye mguu mmoja uliopasuka.

"Usiegemee kulia," alimwonya.

"Kulia ndiko kwenye goti bovu. Mimi na kiti tutaelewana."

Hawakuelewana. Kufika saa tatu, Isaya alikuwa amekaa kwa namna zote anazoweza kukaa binadamu. Watu walipita: mama na kuku kwenye kapu, mafundi na misumeno, watoto wa shule wakisukumana, msichana anayesoma simu huku miguu yake ikikwepa mawe yenyewe. Kidole gumba kilibonyeza, lakini mwili mzima ulitaka kuondoka nao. Kila mtu aliyepita alimvuta kama kamba. Alijikuta akikisia nani anatoka mbali na nani karibu, kwa kutazama vumbi lilipofika kwenye miguu. Saa kumi na mbili jioni namba ilisema mia nne sitini na tatu.

"Haijafika," alimwambia Salha.

"Haijafika kwa sababu umechelewa kuja," Salha akajibu, akifunga dirisha la duka. "Mimi nikitoka kuswali alfajiri nawakuta wameshajaa hapo. Wa hotelini, wa maziwa, wachuma kahawa. Wewe unakuja kuhesabu waliolala."

Neno hilo lilimkosesha usingizi. Siku ya pili saa kumi na moja alfajiri alikuwa kwenye kiti, amejifunga blanketi, ukungu umelala juu ya mikonge. Nao walikuja kweli. Hawakuongea sana. Ulisikia kwanza maji yakichezacheza kwenye ndoo, au koleo likigonga jiwe, halafu ndipo mtu akatokea. Wanawake wa maziwa walikuwa wa kwanza, madumu mgongoni. Wakafuata vijana wa hotelini wenye mashati meupe yaliyofunikwa na jaketi, wakitembea upesi kwa sababu gari la wafanyakazi halimsubiri mtu. Ilipofika saa moja kamili alikuwa amehesabu watu mia moja hamsini na mmoja. Aliwaandika nyuma ya fomu, kwa mwandiko mkubwa.

Goodness alipita saa sita akiwa juu ya bodaboda. Alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma, akakunja uso.

"Shikamoo mzee. Hawa ni wa nini?"

"Marahaba. Ni watu."

"Naona ni watu. Lakini fomu inaanza saa moja. Njia zote kumi zinaanza saa moja. Nikiongeza hawa wako, mwenye njia nyingine atauliza wake wako wapi."

"Basi waongeze na wao."

"Siyo mimi niliyeitengeneza fomu." Alisema hivyo polepole, kama mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mara nyingi mahali pengine. Akakaa kidogo kwenye benchi la Salha, akanywa chai haraka, akaondoka. Nyuma ya fomu hakupafuta, lakini hakuweka saini hapo.

Mchana huo huo akaja Dauda. Kila mtu alimjua: mtu wa Kondoa aliyefika Karatu na sanduku moja la vipuri, sasa ana maduka mawili na gari tatu za watalii. Kile kiwanja kikubwa kilichokatizwa na njia kilikuwa chake tangu mwaka jana. Alisalimia vizuri, akavuta kreti la soda, akakaa chini kuliko kiti cha Isaya, kwa heshima.

"Mzee Isaya, nimesikia habari zako kwa madereva wangu. Wanasema Empakai unaijua kama mfuko wako."

"Zamani."

"Pale nitajenga hoteli ndogo. Vyumba kumi na viwili. Sitaki wageni wangu wakae tu kunywa bia. Nataka watembee. Njia yangu mwenyewe, inaanzia bustanini, inashuka korongoni, inapanda hadi ukingo wa msitu. Si mlima. Ni mwendo wa goti lako." Akaonyesha kiwanja kwa kidole. "Nahitaji mtu wa kuichora, na akishaichora aongoze."

Isaya akageuka kutazama upande wa korongo. Aliiona njia hiyo papo hapo, ilipofaa kupinda, ilipofaa kupumzisha wageni ili wauone msitu kabla ya kuufikia. Alijiona mwenyewe mbele yao, fimbo mkononi, kiti kimebaki mbali.

"Na hii hapa?" akauliza, akionyesha mikonge kwa kidevu.

"Hii inapita katikati ya kiwanja. Nilipouziwa sikuambiwa. Mtu hawezi kujenga hoteli, watu wakawa wanapita na ndoo katikati ya meza." Dauda akainuka, akajipangusa. "Sikuombi kitu, mzee. Hesabu kama unavyohesabu. Nimekuja kukusalimu tu."

Na kweli hakuomba. Akaondoka zake.

Saa tisa na nusu watoto wa shule ya msingi walitoka, wakaja kundi moja, sare zimechafuka, wanaimba wimbo wa kuhesabu. Isaya aliwatazama. Kidude kilikuwa mkononi. Walipita kulia na kushoto kwake, mmoja akagusa kiti, wakatokomea. Kidole gumba hakikusogea. Aliwahesabu kwa macho, kwa sababu hakuweza kuacha: thelathini na saba. Namba kwenye chuma ilibaki pale pale.

Jioni aliandika mia nne hamsini na mbili, akakunja fomu.

Nyumbani hakula vizuri. Alijiambia kwamba thelathini na saba si kitu, hata wangekuwemo mia tano isingefika. Alijiambia kwamba kama wa alfajiri hawahesabiki, kwa nini wa saa tisa wahesabike. Kila alichojiambia kilikuwa na kichwa na miguu, na bado alisimama mezani, akaenda kuangalia ng'ombe waliokwisha kuangaliwa.

"Una nini?" Dorkasi akauliza.

"Goti."

"Goti lako nalijua. Hilo siyo goti."

Akaenda kufunga geti.

Siku ya tatu alifika mapema tena, na hakukuta mtu. Alidhani ni ukungu. Akangoja. Mwanga ulipopanda akaona: nguzo mpya za mkaratusi zilikuwa zimesimikwa jana usiku kukatiza njia, waya umevutwa mara nne, na chini yake matawi ya miiba. Salha alikuwa amesimama mbele ya waya, mikono kiunoni.

"Wamekuja na taa za gari," alisema. "Sikuthubutu kutoka."

Isaya akampigia Dauda simu. Dauda alipokea upesi, sauti tulivu. "Ni kiwanja changu, mzee, na hati ninayo. Fundi alipata nafasi jana. Mimi nimefanya nini kibaya?"

"Siku moja ilikuwa imebaki."

"Siku moja ya nini?"

Isaya akakata. Saa moja ikagonga. Alikaa kwenye kiti, kama alivyoagizwa, akiitazama njia tupu. Saa moja na nusu: sifuri. Akafikiri jinsi fomu itakavyosomeka ofisini, mtu wa mbali ataona sifuri na kusema, hapa hapapiti mtu, waachieni wenye kiwanja. Naye alikuwa amewarahisishia kazi tangu jana. Miguu ilimwasha hadi kwenye nyonga. Akasimama, akakiacha kiti na mguu wake uliopasuka, akauzunguka waya, akaanza kuzifuata nyayo za waliokwama upande wa pili.

Hazikuwa ngumu kusoma. Waliofika kwenye waya walikuwa wamesita, wakarudi hatua kumi, wakateremkia korongoni kwenye mmomonyoko mbaya, wakatokea kwenye lami. Isaya aliteremka kwa kukaa, kama mtoto, akishika mizizi. Alipofika juu ya lami akawaona wote. Walikuwa wamepangana kwenye ukingo wa barabara kuu, upana wa mkeka, mtaro mkavu upande mmoja, na upande mwingine magari ya watalii yakikimbia kuwahi lango la hifadhi, moja nyuma ya jingine, taa zimewashwa. Kila gari lilipopita, nguo za watu zilivutwa na upepo wake.

Alianza kubonyeza. Hakufikiri kama inaruhusiwa. Alisimama juu ya kalavati, goti likidunda, akibonyeza. Mbele yake mama mmoja wa maziwa, aliyecheleweshwa na mzunguko, aligeuka kumwita mwenzake, na gari likampita karibu mno. Halikumgusa. Lakini aliyumba, kamba ya dumu ikakatika, akaangukia mtaroni, maziwa yakamwagika juu ya lami, meupe, yakitafuta njia yake kwenda chini. Gari halikusimama. Isaya alimfikia kwanza. Kiwiko kilikuwa kinatoka damu, na yule mama alikuwa akitazama maziwa, si kiwiko.

"Umeumia, mama?"

"Kwa nini wamefunga, Aako?" akamuuliza, akimwita babu kwa Kiiraqw, kama vile mzee yeyote aliyesimama pale angepaswa kujua. "Tumewakosea nini?"

Isaya alimfunga kiwiko kwa leso yake. Alibaki pale hadi jioni, amesimama, akiegemea ukingo wa kalavati, Salha akimletea chai kwenye chupa na kumgombeza kwamba atabaki na mguu mmoja. Namba ilifika mia tano thelathini na nne. Goti lilikuwa limevimba kama kichwa cha kabichi.

Hakwenda nyumbani. Alipanda bajaji hadi ofisi ya mpango, akamkuta Goodness peke yake mbele ya kompyuta. Akaweka fomu tatu mezani. Akaeleza waya, korongo, lami, maziwa. Goodness alikuwa akiandika haraka, macho yanawaka. "Hii ni nzuri, mzee. Namaanisha ni mbaya, lakini inatusaidia. Kama njia ikifungwa na watu wanahamia barabarani, hiyo peke yake ni hoja. Nimeiweka wapi ile..."

"Subiri," Isaya alisema. "Ya jana siyo ya kweli."

Akamwambia. Alimwambia habari ya Dauda, ya hoteli, ya watoto thelathini na saba. Hakujitetea, kila alipotaka kuongeza "lakini" aliimeza.

Goodness aliweka kalamu chini.

"Unajua umefanya nini?" akasema. "Siyo jana. Sasa hivi. Nikiandika hili, siku zote tatu zinatupwa. Bwana Dauda atasema mhesabuji mwenyewe amekiri kudanganya. Ungenyamaza, ningeitetea njia kwa ile ya lami peke yake."

"Najua."

"Sasa kwa nini umesema?"

Isaya aliangalia ramani ukutani, mistari mingi ya rangi. "Leo nimeona mtu akianguka," alisema. "Hao wa jana ni watoto. Kesho watapita pale pale. Sikutaka hesabu yao isimame juu ya uongo wangu. Itaanguka siku moja, na wao wakiwa juu yake."

Goodness akavua miwani, akasugua macho. "Nenda nyumbani, mzee. Goti lako linatisha."

Hesabu ikatupwa, kama alivyosema. Kanisani watu walijua kabla Isaya hajafika, na wengine walimpisha benchi kuliko ilivyohitajika. Dorkasi alikaa karibu naye, bega kwa bega, na alipoulizwa na dada zake alisema tu, "Aliyakosea, akayasema. Nyinyi mmesema yapi?" Wiki tatu nzima Isaya alifunga na kufungua geti.

Mwezi wa nane hesabu ikarudiwa, na watu wengine. Yeye hakuitwa. Lakini Salha alimletea habari: aliyewekwa dukani kwake ni msichana kutoka ofisini, na amefika saa kumi na moja alfajiri. Fomu ilikuwa imebadilishwa, kwa njia zote kumi. Waya ulifunguliwa kwa muda kwa amri ya mtendaji. Siku ya kwanza peke yake walipita mia sita na kumi.

Rasimu ya mpango ilitundikwa ukumbini mwezi wa kumi, na watu walijazana kutafuta nyumba zao kwa vidole. Isaya aliutafuta mstari wa kijani. Ulikuwepo. Ulipanda kutoka bondeni ukiwa umenyooka, lakini ulipofika kiwanja cha Dauda ulipinda, ukazunguka nje ya mpaka, ukafuata ukingo wa korongo, ndipo ukarudi sokoni. Mita mia na arobaini zaidi.

"Nimeachia mita nne za upande," Dauda alisema, amesimama karibu naye. Hakuwa na hasira, wala hakuwa na furaha. "Sheria ingenilazimisha zaidi, nimeachia mwenyewe. Nimeshapata kijana wa kuongoza wageni."

"Mungu amsaidie."

"Amina."

Goodness alikuwa upande wa pili, amezungukwa na watu wanaolalamika. Alimwona Isaya juu ya vichwa, akainua mabega kidogo: ndiyo nilichoweza. Isaya akaitikia kwa kichwa. Hakuwa ameridhika. Alitoka ukumbini kabla ya hotuba, kwa sababu mstari uliochorwa mezani ni kitu kimoja, na ukingo wa lile korongo ni kitu kingine.

Jumatatu asubuhi Dorkasi alikuta jembe na sururu havipo. Alimfuata mumewe kwa nyayo, mguu mmoja ukiburuzika, hadi penye mpindo. Mahali pale, mstari wa kijani ulipopita, palikuwa na mteremko mkali wa udongo mwekundu ambao mvua ya kwanza ingeugeuza sabuni. Isaya alikuwa amevua shati. Alikuwa amechonga ngazi mbili, anaanza ya tatu, akiziimarisha kwa vipande vya mkonge.

"Umeruhusiwa na nani?" Dorkasi aliuliza.

"Ramani inasema hapa ni njia."

"Inasema na ngazi?"

"Haikusema mtu ateleze."

Dorkasi aliangalia juu, akaangalia chini. "Hiyo ya pili ni ndefu mno. Mama mwenye ndoo hawezi kuipanda."

Isaya aliisimamia ile ngazi, akaipima kwa goti lake bovu, akaguna. Mkewe alisema kweli. Akaanza kuivunja. Wakati bado anaivunja, wanawake wawili wa maziwa walitokea kwenye ukingo, wakasimama kidogo kuangalia, kisha, bila kungoja iishe, wakaanza kupanda, na yeye akasogea pembeni na sururu yake kuwapisha.